Mashine Iliyofundishwa Msibani

Mjukuu wangu amesoma mpaka akavaa miwani, na kazi aliyoipata ni kuchora miti yenye mizizi juu na majani chini. Sitanii. Nilimkuta barazani kwetu hapa Goba, karatasi zimetapakaa mkekani, kila karatasi ina mti uliopinduliwa, na kwenye kila jani kaandika neno moja.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "hivi kwa hili ndo baba yako aliuza kiwanja?"

Namwita mke mwenzangu kwa sababu ni mtoto wa mwanangu wa kiume, na babu yake alimwita mchumba mpaka siku anaingia kaburini. Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Tunaambiana mabaya na hakuna anayenuna.

"Bibi, hii si miti. Ni sentensi."

"Sentensi ina matawi?"

"Inayo. Kitenzi kinakaa huku juu, wengine wote wananing'inia kwake. Nani katenda, nani katendewa, wapi, lini."

"Kama ukoo wenye mtu mmoja tu mwenye mshahara."

Akacheka. Nikamwacha aeleze, maana mwenye elimu usipomwacha aeleze anaweza kuugua. Mie darasa nililoishia ni la nne, na lenyewe nusu yake nilimlimia mwalimu shamba lake la muhogo. Lakini masikio ninayo.

Eti kuna mashine zinazoongea, hizi za kwenye simu. Kiingereza zinakijua kwa sababu zimelishwa maandishi ya dunia nzima, zimekula mpaka zimevimbiwa. Kiswahili zimeonjeshwa, ndo maana zinaongea kama mgeni aliyeshuka jana. Kimakonde hazijalishwa kitu, kwa sababu Wamakonde tunasema, hatuandiki. Sasa yeye na wenzake wamepata akili: badala ya kungoja mashine ishibe maneno ambayo hayapo, waipe kwanza mifupa. Waifundishe jinsi sentensi inavyosimama. Na kwa kuwa Kimakonde, Kiyao, Kimwera na Kiswahili ni ndugu, mifupa ya mmoja inaazimwa na mwingine, wanarekebisha hapa na pale, kazi imekwisha.

Nikamwonyesha ng'ambo ya uzio. Pale jirani pana boma. Tangu tuhamie Goba boma lile limesimama vilevile: kuta zote, nafasi za madirisha zote, vyumba na sebule, ramani ya fundi aliyesoma kabisa. Hakuna bati, hakuna mlango, hakuna mtu. Kila anayepita anasema, ah, hii itakuwa nyumba nzuri. Wanaokaa mle ni kenge na wavuta bangi.

"Huo ndo muundo wako," nikamwambia. "Umesimama vizuri. Nani anakaa ndani?"

"Watu wataingia baadaye, bibi. Kwanza boma."

"Kenge hawangoji bati."

Ningemwacha na miti yake mpaka leo, kama si habari ya mdogo wangu.

Mdogo wangu, tumbo moja ziwa moja, anakaa Chang'ombe kwa mwanawe, nyuma ya karakana za kuchomelea mageti. Alipigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, mdomo ukaenda upande, na Kiswahili kikamtoka chote. Mwanamke aliyekaa mjini maisha yake yote, aliyeuza maandazi kwenye mageti ya viwanda, akitukana kwa Kiswahili mpaka makuli wanashika vichwa! Kikaondoka kama mpangaji anayedaiwa kodi, bila kuaga. Hata kukisikia hakisikii tena. Kikabaki Kimakonde tulichonyonya kwa mama. Daktari akasema hayo hutokea, akaandika dawa ya presha.

Sasa nyumba ile hakuna anayekijua. Mwanawe kazaliwa Temeke, Kimakonde chake ni neno la kusalimia na neno la kufukuzia kuku. Mkewe ni mtu wa bara, mwalimu, mwanakwaya, mpole hata kwa nzi. Watoto wao ni wa Kiswahili na muziki wa singeli. Mgonjwa akiomba maji analetewa blanketi. Akisema mgongo unamuwasha, wanamgeuza upande wa pili na kumpa pole. Mwisho akaanza kunyamaza. Mdogo wangu kunyamaza! Mie nikipata wa kunipeleka nakwenda, tunaongea mpaka koo zinakauka, lakini Goba na Chang'ombe si jirani, na miguu yangu imevimba. Mie mwenyewe ni mzigo wa kubebwa.

Siku moja mwanawe akanipigia.

"Mama mkubwa, shikamoo. Nimeamua. Mama nimrudishe kusini. Kule kijijini wote wanaongea lugha yake. Hapa tunamtesa, anatuangalia tu kama tumemteka."

Nilitaka kumtukana nikashindwa, kwa sababu hakusema upumbavu. Ila kule kijijini kuna nani? Nyumba ya baba yetu imeanguka. Waliotujua wamekwisha. Kuna shemeji mmoja wa mbali, mtu ambaye hata mbuzi wake wanafia kwenye kamba. Angemlaza chumba cha nyuma, na mdogo wangu aelewe vizuri kabisa kila neno analosimangwa. Na mie nisingemwona tena. Safari ile kwa miguu hii ni ya kwenda kuzikwa.

"Lini?" nikauliza.

"Mwisho wa mwezi, mama mkubwa. Nimeshaongea na watu wa basi."

Nikakata simu. Mjukuu wangu alikuwa palepale barazani, anapindua miti. Nikamwambia, na wala sikumwambia kwa upole, "Mifupa yenu hiyo inaweza kumwambia bibi yako wa Chang'ombe neno akaelewa? Au ni ya kuchora tu?"

Akavua miwani. "Inaweza, bibi. Tukipata sentensi za kutosha. Wao waseme Kiswahili kwenye simu, simu iseme Kimakonde. Yeye akijibu, hiyo ngumu zaidi, lakini tutaanza na hili. Naomba unisaidie."

Basi akanikalisha, simu mbele ya mdomo, akanisomea sentensi nizigeuze. Nilidhani ataniuliza maji, uji, dawa, choo. Mtoto akasoma:

"Mwanamke ambaye mwanaume aliyemwona jana alimpenda ameondoka."

"Ameenda wapi?"

"Bibi, geuza tu."

"Mume wake anajua?"

"Hakuna mume! Ni sentensi!"

"Amepokea mapenzi ya mtu wa jana, ameondoka, halafu hakuna mume. Na wewe habari hizi umezipata wapi?"

Akavuta pumzi, akasoma nyingine. "Mtoto aliyempiga mbwa aliyekula samaki analia."

"Alie. Nani kamtuma kupiga mbwa?"

"Bibi! Tunataka kuona jinsi sentensi moja inavyobebwa ndani ya nyingine. Hao watu hawapo. Maneno yenyewe hayana maana, tunachotafuta ni muundo."

Maneno yenyewe hayana maana. Nimeona watu wameachana na watoto juu kwa sababu ya neno moja, dogo, lililosemwa jikoni. Nikamwambia azime simu yake, mie sigeuzi umbea wa watu wasiokuwepo.

Hakununa. Huyo mtoto ana ukaidi, nao sio wa mama yake, ni wa upande wetu. Yeye na wenzake wakaenda kutafuta Kimakonde mahali pengine. Kulikuwa na msiba wa mzee wetu mmoja Kimara, Wamakonde wa mji mzima walikuwa pale. Wakawaomba wafiwa ruhusa, wakaweka vinasa sauti vyao, wakarudi wamejaa furaha kama waliookota dhahabu.

"Bibi, watu waliongea kutwa! Sentensi ndefu, zimebebana ndani kwa ndani! Na kuna mzee amekubali kutugeuzia kwa Kiswahili."

"Walikuwa wanaongea nini?"

"Mambo ya kaburi kaburi, si msiba? Ila muundo wake, bibi, mtamu!"

Nikamwambia aniletee chai.

Jumapili iliyofuata akanipakia kwenye gari la rafiki yake, tukaenda Chang'ombe. Nilipoingia tu nikaliona begi nyuma ya mlango. Begi la safari, limefungwa, juu yake limewekwa shuka jipya la kitenge. Mwalimu wa watu alikuwa ameshapanga kila kitu kwa adabu zake. Mdogo wangu amelala kitandani sebuleni, uso ukutani. Nikamsalimia kwa lugha yetu, akanishika mkono kwa ule mkono wake mzima, akasema, "Dada, wananisafirisha?" Nilimwangalia mjukuu wangu, nikamwambia, "Haya, fundi. Bati lako liko wapi?"

Akaweka simu juu ya mto, karibu na kichwa cha mgonjwa. Tulikuwa sie watatu, na mwanawe mwenye nyumba, na mkewe, na binti yao wa mwisho wa shule ya msingi, ambaye alikuwa amekaa miguuni pa kitanda anakula barafu.

Mwenye nyumba akainama kwenye simu kama mtu anayeongea na polisi. "Mama, habari za asubuhi? Umelalaje?"

Simu ikafikiri. Halafu ikatoka sauti, kama ya mzee mwenye mafua, ikasema Kimakonde. Na mie nisiwe mnafiki: Kimakonde kilisimama. Hakikutetereka. Kila neno liliketi mahali pake, kama kimesemwa na mtu aliyekulia Newala na hajawahi kutoka. Kilichosemwa ni hiki: "Umeamka? Mbona sie tulishaanza kugawana mashuka yako?"

Mdogo wangu akageuza uso kutoka ukutani.

"Amesikia!" mwanawe akapiga kelele. "Mama mkubwa, umeona? Amesikia! Ngoja." Akainama tena, maskini. "Mwambie tunampenda sana. Mwambie atapona."

Simu ikafikiri tena, ikasema, wima kabisa, "Mvivu wewe, kufa upesi, waliochimba kaburi wana njaa na wali unapoa."

"Lugha tamu," mke wa mtu akasema, mikono kifuani. "Hata kama huielewi."

Ndo nikaelewa wale watoto walichovuna kule Kimara. Msibani kwetu mfiwa haongei, ndugu hawaongei, wanalia na kunyamaza. Wanaoongea kutwa ni watani, watu wa ukoo ule wa upande wa pili, ambao kazi yao msibani ni kutukana. Wanamtukana maiti, wanawatukana wafiwa, wanakaa mlangoni wanadai chakula, wanamwigiza marehemu alivyokuwa anatembea, mpaka anayelia anacheka bila kutaka. Ndo wanavyotuvusha. Sasa wale wasomi wameweka chombo chao katikati ya mlango, wakachota kila tusi, wakalipeleka kwenye mti wao, jani kwa jani, wakaifundisha mashine kwamba Kimakonde ni hicho. Boma wamejenga, na aliyeingia kukaa ni mtani wa msibani.

Nilitaka kuiinua ile simu niitupe nje. Sikuwahi.

"Wali gani?" mdogo wangu akasema.

Sauti yake ilikuwa na kutu. Akajisukuma kwa mkono mzima, akainuka nusu. "Wali gani? Ukoo wenu mmeanza lini kupika wali? Mnakuja msibani sahani kwapani, mnarudi na masufuria ya watu! Wachimba kaburi nyie? Shimo la panya mnaomba msaada! Sijafa, mbwa nyie, na mashuka yangu myarudishe!"

Akaanza kucheka. Alicheka kwa ule upande mmoja wa mdomo unaofanya kazi, machozi yakamtoka, akakohoa, akacheka tena. Halafu akanitazama mie.

"Dada, huyu mtani kapitia wapi? Mbona simwoni?"

"Yuko ndani ya simu," nikamwambia.

"Hapo ndo panawatosha."

Mwanawe alikuwa amepiga magoti. Tangu mama yake apatwe na ugonjwa ule hakuwa amemsikia akicheka. "Mama mkubwa, imesema nini? Imemwambia nini?"

Nikawageuzia. Yote. Sikupunguza kitu.

"Yesu wangu!" mwalimu akasema, akakaa chini.

Mjukuu wangu aliziba uso kwa mikono. "Bibi, niue."

"Nani akuue? Wali unapoa."

"Kwa hiyo," mwenye nyumba akasema polepole, "mimi nimesema tunampenda, simu imemwambia mama yangu afe?"

"Upesi. Usisahau upesi."

Akanitazama, akamtazama mama yake anayefuta machozi kwa pembe ya shuka, na yeye kicheko kikampata, kile cha tumboni, kibaya, cha mtu aliyebana siku nyingi. Alipopata pumzi akasogea kitandani, akafungua mdomo kujaribu yale maneno yeye mwenyewe. Nikampiga kofi mkononi.

"Wewe koma! Wewe mtoto wake. Ukiyasema wewe ni laana, na mkeo akiyasema ni aibu mpaka kwao."

"Sasa nani ataongea naye, mama mkubwa? Hii simu?"

"Bibi, mie naweza?" Ni yule binti, barafu inamchuruzika kiwiko. "Mie si mjukuu? Wewe si ulisema wajukuu wanaruhusiwa?"

"Lini nilisema?"

"Kila ukija unamwita dada huyu mke mwenzangu."

Mjukuu wangu akairudisha ile sauti. Binti akaisikiliza, akaisikiliza tena, akasimama mbele ya kitanda, akasema. Jamani. Kimakonde chake kilikuwa kimelala chali, miguu juu. Maneno yalikanyagana, katikati akatumbukiza Kiswahili, mwisho akasahau, akamalizia na "wali." Mti wake usingesimama hata kwa kamba.

Mdogo wangu akamkodolea macho. Halafu akamkamata sikio.

"Hivyo sivyo!" akamwambia kwa Kimakonde. "Mjinga wewe! Sema hivi." Akamsemea, neno baada ya neno, kama mama alivyotusemea sie, na mtoto huku sikio linauma akafuatisha. Wakarudia. Wakarudia tena. Mwanawe alikuwa amekaa sakafuni anawatazama, na sikumwona akiliangalia tena lile begi nyuma ya mlango.

Njia nzima kurudi mjukuu wangu analia kwenye gari. Eti mashine imemwaibisha, eti atazifuta sentensi zote za Kimara, aanze upya. Nikamwambia afute aone. Nikamwambia pia asijidanganye: mashine haikumchekesha mtu. Mashine iliokota matusi ya watu ikayatupa pasipostahili, kama mlevi anayeingia harusini akidhani ni msiba. Aliyecheka ni mdogo wangu, kwa akili zake mwenyewe. Akasema, "Lakini bibi, alielewa. Kila neno." Hilo lilikuwa kweli, ila sikutaka kumpa ushindi.

Mwisho wa mwezi ukapita. Mwenye nyumba hakunipigia kuniambia kitu, na mie sikuuliza. Ukiuliza unamfanya mtu akumbuke. Nilipokwenda tena begi lilikuwa juu ya kabati, tupu, limelala. Lile shuka jipya la kitenge alikuwa amefunikwa mgonjwa. Binti alitoka shule, akatupa mkoba, hakunisalimia hata mie, akaenda moja kwa moja kitandani akamuuliza bibi yake kwa Kimakonde kibovu kama bado tu hajafa. Akajibiwa kwamba atakufa siku ukoo wa kina baba yake utakapojifunza kuoga. Halafu bibi mtu akaomba maji, na akaletewa maji. Kwa matusi, lakini maji.

Mwalimu ananiambia binti yake amekuwa na mdomo mchafu, anauliza kama ni sawa. Nikamwambia aende kwaya.

Simu yenyewe wameiweka palepale juu ya mto, wanaichezea. Mara inasema neno la maana, mara inadai ubwabwa. Mjukuu wangu ameendelea na miti yake, mizizi bado iko juu. Siku ile alikuja nami, akatoa karatasi zake, akakaa katikati yetu sie wazee wawili, akaniomba nigeuze ile sentensi yake ya zamani, moja tu, maana kwenye mifupa yao kuna mahali hapakai sawa. Akanibembeleza. Nikaona aibu mbele za mgonjwa, nikamgeuzia: mwanamke ambaye mwanaume aliyemwona jana alimpenda ameondoka. Nikaisema kwa Kimakonde safi, yote, mara moja.

Mjukuu wangu akashangilia, akashika kalamu.

Mdogo wangu akaacha kutafuna. Akaniangalia, akamwangalia mtoto, akajivuta akakaa vizuri kwenye mito.

"Ameenda wapi?" akauliza. "Mume wake anajua?"